Chupa Ndogo ya Tumbaku Katika Kabati la Jikoni



Bibi zetu waliijua tumbaku kwa namna chache tu. Waliijua ya kiko, ya kutafuna, ya sigara, na ule ugoro ambao wazee huunusa au kuuweka chini ya mdomo. Katika siku zetu imeongezeka namna nyingine isiyo na moto wala majivu, ambayo harufu yake hupotea upesi. Ni sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi huiita vepu. Mwezi huu hatukusudii kukizungumzia kifaa chenyewe tu, bali kile kimiminika kinachotiwa ndani yake; na hasa kile ambacho watu wengine hukichanganya wenyewe nyumbani ili kipate ladha ya tumbaku, pengine juu ya meza ile ile tunapokatia mboga na kumlishia mtoto uji.

Huenda ukasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Ni kweli kwamba desturi hii imeenea zaidi Ulaya na Marekani, na mifano mingi tutakayoitoa imetoka huko. Lakini wapo akina mama wenzetu wanaoishi na familia zao katika nchi hizo. Wapo wenye watoto wanaosoma huko. Na hata katika miji yetu, kama Nairobi na Dar es Salaam, vifaa hivi vinauzwa, na maelekezo ya kuchanganya humfikia yeyote mwenye simu yenye intaneti. Mama mwenye busara hangoji nyoka aingie ndani ndipo aulize kama ana sumu.

Kifaa hiki hufanyaje kazi?

Sigara ya kielektroniki tunayoijua leo ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik. Ndani yake mna betri, waya mwembamba uliosokotwa, na pamba iliyolowa kimiminika. Mtu anapovuta, waya hupata moto, kimiminika hugeuka kuwa mvuke, naye huuvuta mpaka mapafuni. Hakuna jani linaloungua, kwa hiyo hakuna ile lami nyeusi ya sigara. Hiyo ndiyo sababu wavutaji wengi wa sigara wameikimbilia wakitafuta nafuu, nasi hatuwabezi kwa hilo.

Kimiminika chenyewe kwa kawaida kina vitu vinne. Viwili ni gliserini na propilini glaikoli, ambavyo ndivyo vinavyotoa wingu jeupe. Cha tatu ni ladha. Cha nne ni nikotini, ile sumu ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha. Gliserini tunaijua sote. Ndiyo ile tunayopaka midomo na ngozi wakati wa baridi. Kwa sababu hiyo mchanganyiko wote huonekana kuwa kitu cha kawaida cha nyumbani, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwa nini watu huchanganya nyumbani?

Sababu ya kwanza ni fedha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Mei 2016 zinasema kimiminika cha kujazia kisizidi miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, kiuzwe katika chupa isiyozidi mililita 10, na kizibo chake kiwe kigumu kwa mtoto kukifungua. Mtu anayevuta sana humaliza chupa kama hiyo upesi. Akinunua gliserini kwa lita, na ladha mbali, na nikotini mbali, gharama hupungua.

Sababu ya pili ni ladha. Mtu aliyevuta sigara miaka 20 mara nyingi hatosheki na ladha za embe na peremende. Anaitaka tumbaku yake. Basi hununua tumbaku kavu, huiloweka katika propilini glaikoli au gliserini kwa majuma kadhaa, au huipasha joto ndani ya chupa iliyowekwa kwenye sufuria ya maji. Kisha huchuja kwa kitambaa na karatasi ya kahawa mpaka apate maji ya rangi ya chai. Ukimwuliza, atakujibu kwamba kitu chake ni cha asili, hakina kemikali za kiwandani.

Neno hilo "asili" limewapoteza wengi. Muhogo mchungu ni wa asili, na kila mama anajua kwamba usipoandaliwa vizuri unaua.

Wakulima wanalijua jambo hili

Katika maeneo yetu yanayolima tumbaku, kama Tabora nchini Tanzania na Migori nchini Kenya, mtu anayechuma majani mabichi yaliyolowa umande au mvua anaweza kushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuishiwa nguvu. Hakuvuta wala hakula. Nikotini imepita katika ngozi ya mikono yake.

Tena, tangu zamani wakulima wa sehemu nyingi duniani wameloweka majani ya tumbaku katika maji na kunyunyizia mboga ili kuua vidukari. Viwanda navyo viliuza nikotini kwa miaka mingi kama dawa ya wadudu. Tafakari basi, mpenzi msomaji: yule anayeloweka tumbaku jikoni kwa ajili ya kuvuta, anafanya kazi ile ile ya mkulima anayetengeneza dawa ya wadudu. Tofauti ni kwamba mkulima anajua anatengeneza sumu, na haiweki karibu na vikombe.

Jani linapolowekwa halitoi ladha peke yake. Linatoa nikotini, na pamoja nayo vitu viitwavyo nitrosamini, ambavyo hutokea hasa wakati tumbaku inapokaushwa na kuhifadhiwa, na ambavyo vinajulikana kuleta saratani. Kitambaa cha kuchujia huzuia vipande vya majani, lakini hakiwezi kuzuia kilichokwisha kuyeyuka. Ni kama kichujio cha chai: huzuia majani, lakini sukari inapita.

Sukari ya jani nayo huganda juu ya ule waya na kuungua. Na gliserini ikipata moto kupita kiasi hutoa akrolini, ule moshi mkali unaotutoa machozi mafuta yanapoungua katika kikaango. Jikoni tunafungua dirisha na kukimbia nje. Huyu anauvuta ndani kwa kukusudia.

Hesabu ya kijiko

Jambo linalotutia hofu zaidi ni kipimo. Mtu anayeloweka majani hawezi kujua amepata nikotini kiasi gani. Majani ya juu ya mche kwa kawaida huwa na nikotini nyingi kuliko ya chini; tena mbegu, mbolea na ukaushaji hubadilisha kiasi chake. Chupa yake haina maandishi, na hata angetaka kuandika hana la kuandika.

Wengine hawaloweki majani. Hununua ladha ya tumbaku iliyo tayari, pamoja na nikotini kali ambayo huko Marekani huuzwa hata kwa nguvu ya miligramu 100 kwa kila mililita. Hebu tupige hesabu. Sigara moja humpa mvutaji kiasi cha miligramu 1 hadi 2 za nikotini. Kijiko kimoja cha chai huchukua mililita 5. Kwa hiyo kijiko kimoja cha nikotini hiyo kina miligramu 500. Kiasi hicho kikimezwa chaweza kuhatarisha uhai wa mtu mzima, sembuse mtoto.

Anayetaka mililita 100 za mchanganyiko wenye miligramu 3 kwa kila mililita anahitaji mililita 3 tu za nikotini hiyo. Macho yakikosea katika bomba la sindano akaweka 30 badala ya 3, mchanganyiko wake utakuwa na nguvu mara kumi ya alivyokusudia, na utapita kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya. Kiwandani kazi hii hufanywa kwa mizani maalumu, glavu na ukaguzi. Jikoni hufanywa usiku, mtu amechoka, redio inaimba na mtoto analia.

Kinachofaa tumboni si lazima kifae mapafuni

Wapo wanaofikiri kwamba wakitumia vitu vya chakula watakuwa salama. Huongeza vanila ya keki, asali, hata matone ya mafuta. Wenzetu walikwisha kujifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2000, katika mji wa Jasper huko Missouri nchini Marekani, iligunduliwa kwamba watu wanane waliokuwa wamefanya kazi katika kiwanda cha bisi walikuwa wameharibika mapafu vibaya. Uchunguzi ulielekea kwenye ladha ya siagi iliyotiwa katika bisi hizo, yenye kitu kiitwacho diasetili. Wanaokula bisi hawakudhurika hivyo. Waliodhurika ni wale waliovuta hewa yake kazini kila siku.

Tena mwaka 2019 ulizuka ugonjwa wa mapafu kati ya wavutaji wa sigara za kielektroniki huko Marekani. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au wamekufa, na kati yao waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vyenye kilevi cha bangi, vilivyotoka kwa marafiki na wauzaji wasiojulikana. Wachunguzi walipopima majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, waliikuta asetati ya vitamini E kwa 48 kati yao. Vitamini E ni kitu tunachopaka ngozi na kumeza bila woga. Mtu fulani aliona ni kitu kizuri, akakichanganya. Hatusemi kwamba tumbaku iliyolowekwa ni sawa na vimiminika vile. Tunasema kwamba aliyechanganya hakujua alichokuwa akimpelekea mwenzake mapafuni.

Hata gliserini na propilini glaikoli zahitaji uangalifu zinaponunuliwa mahali pasipojulikana. Mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa baada ya kupewa dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na daietilini glaikoli. Sumu hii inafanana sana na vitu hivyo viwili kwa kuonekana, wala macho ya mama au ya baba hayawezi kuitofautisha.

Mtoto mdogo na chupa

Sasa tufike kwenye jambo linalotufanya tuandike makala haya. Sigara ya kawaida huwa mkononi mwa mvutaji. Chupa iliyochanganywa nyumbani hukaa katika nyumba ya wote. Gliserini ni tamu. Ladha hunukia vizuri. Chupa hufanana na ya dawa ya macho, na wapo watu wazima waliokwisha kujitia kimiminika hicho machoni kwa kukosea. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anayepeleka kila kitu kinywani, atajuaje?

Desemba 2014, huko Fort Plain katika jimbo la New York, mtoto mdogo alikufa baada ya kumeza nikotini ya maji. Baada ya msiba huo, Januari 2016 Marekani ilipata sheria ya kuzitaka chupa za nikotini zinazouzwa ziwe na vizibo vya kuwazuia watoto. Lakini sheria hiyo haifiki kwenye chupa ya soda au kopo la jamu ambamo mtu amehifadhi mchanganyiko wake mwenyewe.

Dalili za sumu ya nikotini ni mtoto kutapika, kutokwa na mate mengi, kubadilika rangi, kutoka jasho na moyo kwenda mbio. Baadaye hulegea, hupata degedege na kushindwa kupumua. Mambo haya yanaweza kufuatana kwa haraka. Ukishuku kwamba mtoto amemeza au amemwagikiwa, fanya hivi:

1. Mwondolee chupa na umfute kinywa kwa kitambaa kilicholowa maji. Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa, mafuta wala mkaa uliosagwa. Mtoto aliyelegea anaweza kupaliwa.

2. Kama kimemwagika mwilini, mvue nguo na kumwosha kwa maji mengi na sabuni. Kama kimeingia machoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi.

3. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado anacheza. Usingoje dalili.

4. Chukua chupa uende nayo, na umweleze mganga ukweli wote. Aibu ya kusema "baba yake huchanganya tumbaku nyumbani" isimcheleweshe mtoto. Hospitalini watamsaidia kupumua na kutuliza degedege mpaka mwili uitoe sumu hiyo.

Mama mjamzito naye asishike vitu hivi wala kusaidia kuvichanganya. Nikotini hupita katika ngozi, hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na kwa mama anayenyonyesha hupita katika maziwa.

Tuseme nini na baba, au na kijana?

Baadhi ya akina mama wakishagundua chupa hizi huzimwaga chooni kwa hasira, na jioni nyumba huwa vita. Hatudhani hiyo ndiyo njia. Kama mume wako alikuwa akivuta pakiti ya sigara kila siku na sasa ameiacha, amefanya jambo gumu. Mwambie kwamba umeliona. Kisha, mkiwa wawili tu na watoto wamelala, mwombe akueleze anavyochanganya. Uliza bila kejeli: Nikotini hii ina nguvu gani? Umeipimaje? Mtoto akiifikia tutafanya nini? Mara nyingi mtu anayeulizwa maswali ya kweli huanza kujiuliza mwenyewe.

Mkubaliane jambo moja kwanza, nalo ni kwamba kuchanganya nyumbani kukome. Kama hawezi kuacha nikotini kwa mara moja, zipo njia zilizopimwa, kama vibandiko vya ngozi na chingamu za nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Aulize kwa mfamasia au daktari. Na kama mnaishi katika nchi inayoruhusu na kusimamia sigara hizi, heri chupa iliyofungwa kiwandani na yenye maandishi kuliko kopo lisilojulikana limetoka wapi, huku mkiweka tarehe ya kupunguza na kuacha.

Kwa kijana mambo ni tofauti. Ubongo wake bado unakua mpaka kama umri wa miaka 25, na nikotini huushika mapema na kwa nguvu. Ukiona katika chumba chake chupa ndogondogo, pamba, waya mwembamba na bomba la sindano lisilo na sindano, usikimbilie kumshitaki kwa mambo makubwa zaidi. Kaa naye. Mweleze habari ya wachuma tumbaku na habari ya kiwanda cha bisi. Vijana huchoka kuambiwa "ni vibaya", lakini husikiliza wakielezwa jambo linavyofanya kazi. Usimdanganye wala usikuze mambo, kwa maana akikukamata kwa uongo mmoja hataamini na ukweli ulio wote.

Na ndugu wa ng'ambo wanaokuja likizo, waambiwe mapema kwamba zawadi za namna hii hazihitajiki. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2015 ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki, kwa hiyo zawadi hiyo inaweza kumtia mtu matatani.

Kanuni za nyumba

Mpaka siku ile chupa zitakapoondoka nyumbani kwako, yafaa mambo haya yashikwe bila kulegeza:

Chupa zote zenye nikotini ziwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli, juu, mbali na jikoni na mbali na dawa za watoto. Ufunguo ukae na mtu mzima.

Kisiwekwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji, ya dawa au ya chakula.

Sufuria, kijiko, kichujio au mizani iliyokwisha kutumika kwa kazi hiyo isirudi tena kwenye chakula.

Kikimwagika, kipanguswe na mtu aliyevaa glavu, pahali paoshwe kwa sabuni, na kitambaa kitupwe mbali na watoto.

Yaya, bibi na kila anayebaki na watoto aelezwe sanduku hilo ni la nini. Wengi hudhani ni manukato.

Tunajua, mpenzi msomaji, kwamba si kila mama ana nguvu ya kuzuia kile ambacho mtu mzima ameamua kukivuta. Lakini mama anayo nguvu ya kusema nini kitakaa mezani pake na nini hakitakaa. Tumetumia miaka mingi kuwafundisha watoto wetu kwamba kinachotoka jikoni kwa mama ni chema na wanaweza kula bila kuuliza. Tusikubali chupa moja ndogo iwe kinyume cha mafundisho hayo. Leo jioni, kabla ya kulala, fungua kabati za jikoni mwako na uzitazame chupa zilizomo, moja baada ya nyingine. Ile isiyo na jina, ulizia.

Tukutane tena mwezi ujao. Tunawatakia amani nyumbani.